Gedi: watu waliondoka au walikimbizwa? Mbona maelezo hayapatani?

#1 mguu_njiani
Salaam wakuu.

Nimepita Gedi majuzi, yale mahame yaliyo msituni karibu na Watamu, kusini ya Malindi. Kwa wasiopajua: huu ulikuwa mji wa Waswahili uliojengwa kwa matumbawe na chokaa. Una msikiti wa Ijumaa, jumba la mtawala, nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta, makaburi ya nguzo, visima, na vyoo ndani ya nyumba enzi ambazo miji mingi ya Ulaya ilikuwa inamwaga uchafu dirishani. Ukuta wa nje unazunguka kama ekari 45. Kaburi moja lina tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Inakadiriwa wakazi walipita 2,500. Halafu karne ya 17 inaanza na mji hauna mtu. Miti ikaota vyumbani, na Mzungu wa kwanza kuandikwa kwamba aliufikia ni John Kirk, mwaka 1884.

Nikamwuliza anayetembeza wageni: watu walienda wapi? Akanitajia maji, Wazimba (wapiganaji waliotoka kusini) na Wagalla (wafugaji waliotoka kaskazini) kwa pumzi moja. Ipi hasa? Akacheka, akasema, "Chagua mwenyewe."

Siwezi kuchagua, ndiyo nimekuja kwenu. Na kuna la pili linaloniumiza kichwa zaidi. Wareno walikuwa na rafiki yao Malindi kwa karibu miaka mia, tangu Vasco da Gama alipotia nanga 1498. Malindi na Gedi ni mwendo wa nusu siku kwa mguu. Mbona hawakuuandika mji huu?

#2 siti_ya_mbele
Nimekaa. Atakayepita na kahawa asinisahau.

#3 fundi_visima
Maji. Mengine yote ni hadithi.

Kazi yangu ni kuchimba visima mwambao huu. Mwamba wa matumbawe una matundu, mvua inapenya mpaka chini inakutana na maji ya bahari. Maji matamu ni mepesi, kwa hiyo yanakaa juu ya ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Kanuni tunayoifuata: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Sasa vuta kupita kiasi, shusha ile mita moja, uone chumvi inavyopanda. Nina mteja alikuwa na kisima kizuri, akafunga pampu kubwa amwagilie bustani. Nilimkanya. Sasa hivi kisima hicho kinawafaa minazi tu.

Kirkman, aliyechimbua Gedi kuanzia 1948 hadi 1958, alikuta kisima ambacho kina chake kiliongezwa baadaye. Hakuna anayeongeza kina cha kisima kwa starehe. Maji yalishuka, watu wakahama. Kesi imefungwa.

#4 kigae_na_shanga
Fundi, kesi haijafungwa, hata haijatajwa mahakamani.

Kisima kuongezwa kina kunathibitisha kwamba kuna wakati maji yalishuka. Hakusemi yalishuka lini wala kama hayakurudi. Mji ule ulikaa karne kadhaa. Ukame lazima waliuona zaidi ya mara moja. Na watu wanaishi Gede leo hii, pembeni ya mahame hayohayo, na wanakunywa maji.

Mimi nasoma mambo ya kale, kwa hiyo nitaweka tarehe tu, kila mtu apime:

Karne ya 15 ndiyo mji uko juu, ukuta wa nje unajengwa, msikiti mkubwa pia. Karne ya 16 unajengwa ukuta wa pili, wa ndani, na unazunguka kama ekari 18. Yaani kutoka 45 hadi 18. Mwaka 1589 Wazimba wanaingia Mombasa, wanaua, kisha wanapanda kuelekea Malindi. 1593 Wareno wanaanza kujenga Ngome ya Yesu na mtawala wa Malindi anahamishiwa Mombasa. Miaka michache baadaye Gedi kimya.

Mnaona? Ukuta wa ndani unatangulia mengine yote. Mji ulikuwa umeshasinyaa kabla Mzimba hajafika. Anayetafuta siku moja ya maafa anatafuta kitu ambacho huenda hakikuwepo.

#5 mzizi_wa_mkoko
Huo ukuta wa ndani mbona unausoma upande mmoja? Mtu hujenga ukuta mpya akiogopa. Labda hawakuwa wachache, labda walibanana ndani kwa sababu nje hapakuwa salama. Ukuta ni ushahidi wa hofu kwanza, hesabu ya watu baadaye.

#6 kigae_na_shanga
Inawezekana. Au ni ukuta wa wakubwa kujitenga na wadogo, maana uliozungushiwa ni upande wenye jumba na msikiti mkubwa. Nyie mnachukulia kuta zote ni za vita.

#7 Mzee_wa_Mvita
Assalaam alaykum.

Wanangu, mnatafuta watu waliopotea, na watu hawakupotea. Hapa Mombasa tuna Thenashara Taifa, makundi kumi na mawili ya Waswahili wa mji: Mataifa Matatu na Mataifa Tisa. Katika hayo Tisa kuna Wakilifi, kuna Wamtwapa. Sasa jiulizeni, mahame ya Mnarani pale Kilifi na mahame ya Mtwapa wenyewe walikwenda wapi? Walikuja kisiwani. Walichukua jina la mji wao wakaja nalo, na wajukuu wao mpaka leo wanajua wao ni nani.

Kwa hiyo mji kufa si watu kufa. Soko lilihamia Mombasa, mtawala alihamia Mombasa, ngome ikajengwa Mombasa. Wewe ungekaa msituni ukimngoja nani akuuzie kitambaa?

#8 fundi_visima
Mzee shikamoo. Lakini katika hayo Tisa, Wagedi wako wapi?

#9 Mzee_wa_Mvita
Marahaba. Ndiyo swali, mwanangu. Hawapo. Ama waliingia katika Wamalindi, ama mji wenyewe ulijulikana kwa jina jingine. Wapo wanaosema uliitwa Kilimani.

#10 siti_ya_mbele
Kwa hiyo kuna mtu Mji wa Kale ana kiwanja Gedi chenye msikiti na hajui? 😂 Ndugu zangu fufueni hati.

#11 kadzo_wa_kaya
Habari zenu. Mimi ni Mgiriama, nimezaliwa upande huo huo wa Gede, na nasikitika mnapita juu juu kwenye Waoromo kana kwamba ni nyongeza ya mwisho. Na tafadhali tuwaite Waoromo. Hilo jina lililotumiwa #1 wenyewe hawalipendi.

Wazee wetu wanasimulia kutoka Shungwaya kushuka kusini, na wanasema wazi kilichowasukuma. Ndiyo maana makaya yetu yamejengwa juu ya vilima ndani ya msitu mnene, na njia ya kuingilia ni nyembamba. Makaya yale yaliingia orodha ya Urithi wa Dunia 2008, muende myaone. Mtu hajifichi hivyo bila sababu. Sasa kama msukumo huo ulitosha kuwahamisha Wamijikenda wote, mji mmoja wenye ukuta ungebaki vipi?

#12 mzizi_wa_mkoko
Dada Kadzo, Waoromo walikuwa wafugaji. Mfugaji anataka nini kwenye nyumba ya matumbawe?

#13 kadzo_wa_kaya
Hataki nyumba. Anataka malisho. Watu wa Gedi hawakuwa wanakula vigae vya Kichina. Walikula mtama na nyama, na mashamba na mifugo ilikuwa nje ya ukuta. Mkulima akiogopa kwenda shambani misimu miwili tu mfululizo, mji unakwisha bila mtu kuvunja hata mlango. Huhitaji kukuta mifupa na mishale ndiyo ukubali watu walisukumwa.

#14 mguu_njiani
Hapa #13 amenigusa. Maana nilipokuwa pale nilikuwa natafuta dalili za moto, za kubomolewa, sikuona cha kunishawishi. Lakini mbona vitu viliachwa? Nyumba zimepewa majina kwa vilivyookotwa ndani: nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya sarafu za Kichina, nyumba ya kauri, nyumba ya ushanga wa Venisi. Mtu anayehama kwa utaratibu anaacha taa?

#15 bi_harusi_wa_Shela
Mkasi huwa unapotea hata ukiwa hujahama, uliza nyumba yoyote.

#16 kigae_na_shanga
#15 amemaliza kazi ya muhula mzima kwa sentensi moja. Vinavyookotwa mahame ni vidogo: vilivyodondoka chooni, vilivyopotelea kwenye taka, vilivyovunjika. Sahani za Kichina karibu zote ni vigae. Jiulizeni nini HAKIPO. Masanduku hayapo, milango haipo, vyombo vizima vya shaba vichache mno. Mimi naona watu waliofungasha.

#17 fundi_visima
Milango ya mbao ungetaka uikute baada ya miaka 400 kwenye msitu wa Pwani? Mchwa wangekushangaa. Hata dari hazipo, maana ziliegemea boriti za mikoko, na boriti zilipooza dari ikaja chini. Ndiyo maana vyumba vile vyote ni vyembamba, boriti haifiki mbali. Usitumie kilichooza kuwa ushahidi wa kilichobebwa.

#18 kigae_na_shanga
Hilo la boriti nakupa. La masanduku bado.

#19 upepo_wa_kusi
Mimi niko Tanga na nadhani mnajifungia Gedi bure. Njooni Tongoni mwone makaburi ya nguzo, mengi pamoja pwani hakuna. Karibu na hapo ndipo Vasco da Gama alipoichoma moto merikebu yake São Rafael 1499 kwa sababu mabaharia hawakumtosha. Nendeni Songo Mnara, mji mzima wa mawe, umeachwa. Kilwa yenyewe, ambayo Ibn Battuta aliifika 1331 akaisifu, Wareno waliipora 1505 na haikurudi kuwa ile. Mwambao wote ulipigwa na kitu kimoja: Mreno kukata biashara. Dhahabu ya Sofala ikaacha kupita mikononi mwetu. Gedi ni tawi tu, mti ulikatwa kwingine.

#20 Mzee_wa_Mvita
Mwanangu, maneno mazuri, ila tarehe zakukataa. Jumba la Mtwana hapa kaskazini ya Mombasa liliachwa karne ya 15, Mreno hajawahi kuota Bahari ya Hindi. Hilo nalo alilikata nani?

#21 upepo_wa_kusi
Jumba la Mtwana ni kijiji, mzee wangu, msilipandishe cheo. 😄

#22 Mzee_wa_Mvita
Kijiji chenye misikiti minne. Haya.

#23 mwarubaini_chungu
Hivi hakuna atakayesema lililo midomoni mwa kila mtu wa pale? Mahali pale pana wenyewe. Bibi yangu hakukubali tukatize jioni. Watu walikuwa wakipeleka sadaka. Na msiniambie ni ushamba: huyo huyo Kirkman wenu ameandika kwamba alipoanza kazi alihisi kuna kitu kinamtazama nyuma ya kuta, si adui wala si rafiki, kinangoja tu. Mzungu, msomi, mchana kweupe.

#24 fundi_visima
Walikuwa kima. Wamejaa pale, wanakutazama hivyo hivyo, na wanachongoja ni ndizi.

#25 mwarubaini_chungu
Cheka. Siku kisima chako kitakapokauka ghafla utamtafuta nani?

#26 bi_harusi_wa_Shela
Mwarubaini asichekwe kiasi hicho. Sisi Shela tuna Takwa, ng'ambo pale kisiwa cha Manda. Ni mahame pia, karne ya 17 yaliachwa, yana kaburi la nguzo. Na watu wa Shela wanakwenda mpaka leo kuomba mvua kaburini, kwa sababu wanasema waliotoka Takwa ndio waliokuja Shela. Nilikwenda nikiwa mdogo na shangazi zangu, tukavuka kwa mashua maji yakijaa, kisomo kikasomwa, tukala, tukarudi. Hakuna aliyeogopa. Mahame ya wazee wako hayatishi. Yanatisha ambayo hakuna anayedai ni yake.

Ndiyo maana nashangaa Gedi. Takwa ina watu, Kilifi ina watu kama alivyosema mzee #7. Gedi imebaki na majini peke yake. Hiyo kwangu ni dalili kwamba waliotoka hawakutoka pamoja. Mji ukitoka pamoja unabeba jina.

#27 kadzo_wa_kaya
Hapo #26 umesema kubwa kuliko wasomi wote humu. Waliotawanyika ndio wasiobeba jina. Na watu hutawanyika wakisukumwa.

#28 kigae_na_shanga
Au wakiondoka familia moja moja kwa miaka 60. Nako ni kutawanyika.

#29 mguu_njiani
Jamani na Wareno? Swali la pili mmelikalia.

#30 mzizi_wa_mkoko
Wareno waliandika bandari. Gedi haina bandari, iko bara, kilomita sita hivi kutoka baharini. Mtu wa merikebu hana haja ya kupita vichakani kuhesabu misikiti.

#31 binti_Mida
Kilomita sita ni kwenda ufukweni wazi. Hori ya Mida iko kama kilomita tatu tu, na mashua zinaingia. Sisi tunaoishi hapa hatuioni Gedi kuwa bara. Na vitu vya China, India na Venisi viliingia vipi, kwa punda kutoka mbinguni?

#32 mzizi_wa_mkoko
Kutoka Malindi, dada. Malindi ndiyo lango, Gedi ndiko wenye mali wanalala. Sijaona ajabu.

#33 upepo_wa_kusi
Au Malindi hawakutaka Mreno aijue. Wewe una mgeni mwenye mizinga, ungempeleka kwa jirani unayemgombania biashara? Ama kinyume chake, Gedi ndio waliokataa kumjua.

#34 Mzee_wa_Mvita
Ama walimwandika kwa jina jingine na sisi tunatafuta jina la sasa kwenye karatasi za kale. Nilishasema Kilimani, mkapita.

#35 kigae_na_shanga
Tusisahau pia kwamba tunazungumzia nyumba za mawe peke yake. Uchimbuzi wa baadaye, ule wa Pradines uliofanywa kuanzia 1999, ulionyesha mji una umri mkubwa kuliko alivyodhani Kirkman, na kwamba katikati ya zile kuta mbili kulikuwa na nyumba za udongo na makuti. Waliokuwa wanaishi humo ndio walio wengi. Sisi tumebishana kurasa nzima kuhusu mkasi wa tajiri. Mwenye nyumba ya udongo huenda aliondoka kwa sababu nyingine kabisa, au aliondoka mwaka mwingine, au hakwenda mbali. Mimi ningeanzia hapo.

#36 fundi_visima
Mwenye nyumba ya udongo pia anakunywa maji.

#37 mguu_njiani
😂😂 Fundi hana mpinzani.

Nilisahau jambo. Mlango wa upande wa mashariki wa msikiti mkubwa una mkuki umechongwa juu ya tao, bapa lake pana. Nimesimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mkuki msikitini! Na kwenye nyumba moja kuna jahazi limechorwa kwa kukwaruzwa kwenye plasta, si kazi ya fundi, ni kama mtu alikuwa amekaa anasubiri mvua ikatike akachukua msumari. Mkuki ulichongwa uonwe na kila anayeingia. Lile jahazi sijui lilichorwa kwa ajili ya nani, na ndilo nililolipenda.

#38 kadzo_wa_kaya
Huo mkuki ni wa bara. Wanaosema miji hii ilijengwa na wageni waliotoka ng'ambo wausimamie huo waueleze.

#39 upepo_wa_kusi
Mkuki ni alama ya utawala pwani nzima, usiubebe wote kwenda kwenu. 😄 Lakini nakubali, fundi wake hakutoka ng'ambo.

#40 Mzee_wa_Mvita
Mafundi walikuwa wetu. Hili halina ubishi tena humu, alhamdulillahi. Zamani ungeambiwa ni mji wa Waarabu, na vibao viliandikwa hivyo.

#41 siti_ya_mbele
Swali la mpita njia: ukienda pale, ni kweli kuna vipepeo? Watoto wangu wameniganda.

#42 binti_Mida
Ni kweli, mlangoni pale pale. Ni mradi wa tangu 1993, wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo na pupa wao (buu likishajifunga ndani ya ganda) wanauzwa nje. Mama mmoja jirani yangu amesomesha kwa hiyo kazi. Nendeni asubuhi, na ndizi msizioneshe ovyo.

#43 mwarubaini_chungu
Na jioni mtoke mapema. Nimesema.

#44 bi_harusi_wa_Shela
Tangu uingie Urithi wa Dunia Julai 2024 wageni wameongezeka? Naogopa watu kupanda juu ya kuta. Matumbawe yale yakishaanza kumeguka hayana dawa.

#45 binti_Mida
Wameongezeka kwa macho yangu. Wanaopanda kuta wapo, na wengine ni sisi wenyewe tunaotafuta picha.

#46 mzizi_wa_mkoko
Narudi kwenye mada. Hakuna aliyeniambia kwa nini Wazimba wameondolewa kwenye orodha. Njia ya kutoka Mombasa kwenda Malindi inapita hapo hapo. Watu walioila Mombasa wangeiruka Gedi?

#47 kigae_na_shanga
Hawajaondolewa. Ila kumbuka walipofika Malindi walipigwa, Wamalindi wakisaidiwa na Wasegeju. Jeshi lililopita mara moja likashindwa mbele ya safari haliui mji milele. Watu hurudi, hupiga lipu, maisha huendelea. Ndiyo maana mimi nauweka uzito kwenye 1593, si 1589.

#48 upepo_wa_kusi
Ngome ya Yesu ni 1596, mkuu.

#49 kigae_na_shanga
1593 walianza, 1596 walimaliza. Soma #4 kwa utulivu.

#50 fundi_visima
Na ndani ya ngome walichimba nini? Kisima. Endeleeni.